SOMO: Upinde wa kwanza wa kuwindia kwa mwenye bajeti ndogo

Habari zenu ndugu zangu wa Kusini. Fedha za korosho zikishaingia huwa naulizwa swali lilelile: nina akiba kidogo, ninunue upinde gani wa kuwindia? Jibu langu huwaudhi wengi. Nunua mwepesi kuvuta, na fedha itakayobaki itie kwenye mishale.

Kabla ya duka, sheria. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, hakuna kuwinda bila leseni. Kuingia na silaha kwenye pori la akiba kama Lukwika-Lumesule au Msanjesi bila kibali ni kesi, hata kama hujamgusa digidigi. Wa Liwale, Hifadhi ya Taifa Nyerere haiwindwi kabisa. Nenda TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania) au kwa afisa wanyamapori wa wilaya, uliza mnyama gani na silaha gani inaruhusiwa. Mpaka upate jibu, upinde wako ni wa shabaha tu.

Hatua ya 1: Jicho. Nyoosha mikono, kutanisha viganja ubakize tundu dogo, tazama nazi moja mtini kwa macho yote mawili. Fumba la kushoto. Nazi ikibaki tunduni, jicho lako kuu ni la kulia: utashika upinde kwa kushoto na kuvuta kwa kulia.

Hatua ya 2: Urefu wa mvuto, yaani umbali unaouvuta ugwe (kamba ya upinde) kabla ya kuachia. Tanua mikono, mtu akupime ncha hadi ncha ya vidole, gawa kwa 2.5. Mwenye sentimita 170 anapata 68, karibu inchi 27.

Hatua ya 3: Uzito, yaani nguvu ya kuvuta ugwe, si uzito wa upinde wenyewe. Hapa ndipo fedha za watu zinapopotea. Uzito huandikwa kwa ratili (pauni, karibu nusu kilo), ukipimwa kwa mvuto wa inchi 28; ukivuta pungufu ya hapo, kila inchi inapunguza ratili mbili hivi. Yapo majimbo ya Marekani yanayotaka angalau ratili 40 kwa kuwindia, basi mgeni anasoma hilo na kukimbilia 45 au 50. Mabega yanatetemeka, anaachia kabla hajalenga, na tabia hiyo ikishaingia haitoki kirahisi. Mtu mzima aanze na 25 hadi 30. Vuta, shikilia, hesabu taratibu hadi kumi. Ukitetemeka, rudisha dukani, hata kama muuzaji anakwambia utauzoea.

Ndiyo maana napendekeza upinde wa kufungua, ule ambao mikono yake, vile vipande viwili vinavyopinda, hufungwa kwa skrubu kwenye kishikio. Samick Sage ni wa aina hiyo, na mikono yake inapatikana kuanzia ratili 25 hadi 60. Ukikomaa unanunua mikono mizito tu, kishikio kinabaki.

Hatua ya 4: Mishale. Angalau sita, inayofanana. Namba ya ugumu iliyoandikwa kwenye mshale inasomwa kinyume: 600 ni laini kuliko 400, na upinde mwepesi unataka laini. Mshale wa kaboni ukunje kidogo na usikilize kabla ya kila pigo. Wenye ufa unaweza kupasukia mkononi.

Kinga ya mkono na ya vidole, ngozi chakavu inatosha.

MASWALI

*Mwanachama, Nachingwea: Mwalimu, mbona hutaji upinde wa roda, ule wenye magurudumu nchani? Nasikia ukishavuta unakuwa mwepesi.*

Ni kweli, mwishoni unabeba robo hivi ya uzito. Lakini ugwe wake ukikatika, kwa kawaida unahitaji mashine maalumu ya kuubana ndipo uuvishe mwingine. Jiulize kwanza fundi wake yuko wapi.

*Mwanachama, Mikindani: Kaka, seremala akinichongea wa mti je?*

Sawa, ila uzito wake hamtaujua kwa macho. Chukua mizani ya kuning'iniza ya wauza samaki, ning'iniza ugwe kwenye ndoano, vuta upinde chini hadi urefu wa mvuto wako, soma kilo, zidisha kwa 2.2 upate ratili. Ukimaliza kupiga uvue ugwe, na usiuache ndani ya gari juani. Hata wa dukani, gundi ya mikono haipendi joto.

*Mwanachama, Masasi: Nikiwa dukani naruhusiwa kuvuta na kuachia nijaribu?*

Vuta, kisha rudisha polepole. Ukiachia bila mshale, nguvu yote inarudi kwenye mikono ya upinde, na inaweza kupasuka hapohapo. Utalipa.

*Dada wa Lindi mjini: Uani kwetu ni padogo, shabaha niweke wapi?*

Dada, uani hapana. Jaza kiroba matambara, kishindilie kisawasawa, ukipeleke kwenye kingo ya udongo isiyo na njia nyuma yake. Anza kwa hatua kumi.