SOMO: Jinsi ya kucheza Papers, Please bila familia yako kulala njaa

Wakuu, habari za mihangaiko.

Tangu niseme kwamba nimelirudia Papers, Please kwa mara ya tatu, mmenijazia meseji: naanzia wapi, mbona hela haitoshi, mbona bibi kafa. Leo nashusha somo zima, maswali tutayajibu chini.

Kwa asiyelijua: ni gemu la kuwa karani. Jina lako limetoka kwenye bahati nasibu ya ajira, na serikali ya nchi ya kubuni iitwayo Arstotzka imekupa kiti kwenye kibanda cha uhamiaji, mpakani Grestin, pamoja na nyumba ya daraja la nane. Ni mwaka 1982, tarehe 23 Novemba. Unakagua makaratasi, unagonga muhuri, unaita anayefuata. Mtengenezaji ni Lucas Pope, Mmarekani aliyekuwa akiishi Japani, na alilitoa Agosti 2013 baada ya kulichora, kuliandikia programu na kulitungia muziki mwenyewe. Wazo alilipata kwenye viwanja vya ndege, akiwatazama maofisa uhamiaji wanavyokagua pasipoti. Michoro ni ya vidoti vikubwa na rangi zilizofubaa, kama kompyuta za zamani. Kwa hiyo ile laptopu yako inayowaka kwa kubembelezwa inalimudu.

HATUA YA 1: Piga hesabu kabla ya kugusa muhuri

Kila mtu unayemshughulikia sawasawa anakuingizia 5 za hela ya humo kwenye gemu. Siku za mwanzo kodi ni 20, chakula 20, kuni za joto 10. Jumla 50. Maana yake watu kumi kwa siku ni kurudisha gharama tu, bado hujaweka akiba, bado hakuna aliyeumwa. Nyumbani una mke, mtoto wa kiume, mama mkwe na mjomba, na wote wanakula.

Hela ikipungua, usiguse kodi. Ruka joto leo, kesho washa joto uruke chakula. Watalalamika, watatetemeka, lakini hawafi kwa siku moja. Ukiruka vyote viwili mfululizo ndipo wanaanza kuugua, na dawa nayo inataka hela.

HATUA YA 2: Panga meza

Hapa ndipo wengi mnapokwama, halafu mnalaumu kipanya. Meza ni ndogo kwa makusudi. Siku ya kwanza kuna pasipoti na kitabu cha sheria tu, na ni wananchi wa Arstotzka pekee wanaoruhusiwa kupita. Siku ya pili wageni wanaruhusiwa. Siku ya tatu wageni wanadaiwa tiketi ya kuingia, ya nne tiketi inafutwa na kinakuja kibali cha kuingia, na wananchi nao wanadaiwa kitambulisho. Baadaye kibali cha kazi, baadaye hadi cheti cha chanjo. Karatasi zinapandana kama sahani za harusini, na saa inakwenda.

Mimi hufanya hivi: pasipoti naifungua katikati, kibali nakiweka kulia kikiingia kidogo juu ya pasipoti, ili namba ya pasipoti na namba iliyoandikwa kwenye kibali zikae mstari mmoja. Jicho linashuka mara moja tu. Kitabu cha sheria nakisukuma kona ya chini kushoto kikiwa kimefunguliwa ukurasa wa nchi. Karatasi nyingine zote naziacha kaunta, sizishushi mezani mpaka nizihitaji.

HATUA YA 3: Kagua kwa mpangilio uleule kila mara

Tarehe kwanza, kwa sababu pasipoti iliyoisha muda inamaliza kesi papo hapo. Kisha namba, jina, jinsia, mji ilikotolewa, sura, na mwisho uzito. Usiruke, hata kama mtu ana sura ya upole. Wenye sura ya upole ndio wanaonigharimu.

Miji inahitaji neno la ziada. Kuna nchi saba na kila moja ina miji mitatu inayotoa pasipoti, yaani 21 yote. Chukua karatasi halisi, andika, bandika pembeni ya kioo. Mitego mikubwa ni miwili: East Grestin ni ya Arstotzka lakini West Grestin ni ya Kolechia, Glorian ni ya Antegria lakini True Glorian ni ya Republia. Hiyo pea ya pili imeniumiza siku tatu nzima.

Uzito unaonekana kwenye mzani mtu akisimama mbele yako. Ukipishana na ulioandikwa, usimkatae haraka, huenda kabeba kitu mwilini. Mpige picha ya ukaguzi, ile inayoonyesha kilichofichwa chini ya nguo.

HATUA YA 4: Ukiona kasoro, mhoji

Bonyeza kitufe chekundu cha ukaguzi chini kulia, kisha gusa vitu viwili visivyolingana, mfano sura na picha, au tarehe na kalenda. Mfumo ukithibitisha, unamuuliza mwenyewe. Wengine wana jibu: jina lilibadilika, na alama za vidole zinathibitisha. Wengine wamesahau tu karatasi mfukoni na wataitoa ukiuliza. Ukimkataa aliyekuwa sahihi, kile kimashine kinaanza kukwaruza na kutema kikaratasi cha onyo, na sauti yake utaisikia hata usingizini.

HATUA YA 5: Makosa mawili ya bure

Kila siku makosa mawili ya kwanza ni onyo tu. Kuanzia la tatu unakatwa. Mcheza mgeni anayapoteza yote mawili asubuhi kwa uzembe. Usifanye hivyo. Yatunze.

Kwa nini? Mapema tu atapita mwanaume, karatasi zake safi. Anakwambia mke wake yuko nyuma yake, umwonee huruma. Anakuja mke, hana kibali cha kuingia, na anasema akirudi kwao watamuua. Kama bado una onyo la bure mkononi, unampitisha bila kupoteza senti. Kama ulishalichezea kwa kutosoma tarehe, huruma yako sasa ina bei, na nyumbani kuna mtoto anaumwa.

Nikiri jambo. Miaka ya nyuma nilirudishwa kwenye mpaka mmoja, sitautaja, kwa sababu herufi moja ya jina langu kwenye kadi ya njano ilipishana na pasipoti. Nilimlaani yule ofisa njia nzima. Sasa kwenye gemu kuna askari anayekuja kukupa dili: ukikamata watu wengi, anakugawia. Jioni moja nilikuwa na deni la dawa. Akaja mzee, namba kwenye kibali imepishana tarakimu moja. Kumkataa kulitosha. Nikabonyeza kitufe cha kukamata. Mzee akaondolewa, mimi nikaita anayefuata, na kilichokuwa kichwani mwangu ni kwamba dawa imepatikana.

HATUA YA 6: Nunua vitufe vya njia ya mkato

Usiku, ukiwa na chenji, lipia maboresho ya kibanda. Ukishalipia, keibodi inavuta mihuri na kuwasha ukaguzi bila kutembeza kipanya. Ukipata hela ya kwanza ya ziada, nunua hiki.

Hayo yanatosha kukufikisha wiki ya pili. Sasa maswali.

Chalii wa Njiro: Mkuu, Kiingereza changu ni cha kuombea maji. Nitaweza?

Utaweza, kaka. Kiswahili hakimo, lakini asilimia kubwa ya kazi ni kulinganisha tarehe, namba na majina. Tabu utaipata kwenye taarifa ya asubuhi inayobadilisha sheria za siku. Isome taratibu, saa haianzi mpaka umwite mtu wa kwanza.

Mama Tumaini: Mwanangu wa miaka 12 amelitaka. Lina ubaya wowote?

Dada, lina milipuko, watu wanapigwa risasi, na ile picha ya ukaguzi inaonyesha miili mitupu. Utupu unazimika kwenye mipangilio, watu wanabaki na nguo za ndani. Ila habari zenyewe ni za kikubwa: biashara ya kuuza wanawake, kulipiza kisasi. Mimi ningemwambia asubiri kidogo.

Fundi Saa: Sina kompyuta. Simu je?

Tangu Agosti 2022 lipo kwenye simu za Android na iPhone. Limepangwa upya kwa kioo kidogo na linachezeka vizuri, ingawa kwenye kioo kikubwa ile raha ya meza kujaa makaratasi ni tofauti.

Kipanga: Kuna watu wamevaa kofia wananiletea karatasi za siri na hela nyingi, 1000 nzima. Nichukue?

Hao ni EZIC, wapinzani wa serikali. Mkuu, chukua uone. Majirani wataanza kujiuliza karani wa daraja la nane kapata wapi, watakuchongea, na akiba yako yote itataifishwa. Usiku ule unapewa nafasi ya kuzichoma. Zichome.

Kipanga: Nishachukua 😩

Basi rudi nyuma. Gemu linahifadhi kila siku peke yake, unaweza kuchagua ile siku na kuanza tena kutoka pale. Hata hivyo kuna miisho 20, ya kufungwa ikiwemo, kwa hiyo huo nao uhesabu.

Zuhra wa Pangani: Yule mzee anayekuja na pasipoti kaichora mwenyewe, nimkamate?

Jorji! Nchi yake Cobrastan haipo duniani, na bado anakutazama machoni. Mkatae tu, usimkamate. Atarudi na safari nyingine atakuwa na karatasi za kweli. Huyo ndiye rafiki pekee utakayempata pale mpakani.

Nusu Mkate: Mimi mwenyewe nakaa kidirishani, siyo cha uhamiaji ila ni mihuri kutwa. Swali langu moja: hilo gemu lina mapumziko ya chai?

Halina, ndugu. Saa kumi na mbili asubuhi mpaka kumi na mbili jioni, moja kwa moja. Siku ya pili tu mtu mmoja aliruka ukuta akarusha bomu, kituo kikafungwa mapema, na mimi nikajikuta nahesabu vichwa nilivyokosa kulipwa.