Panya wa Boston si Panya Road: kutafsiri filamu ya shushushu kibandani

Mdogo wangu, umeniuliza uanzie wapi kuitafsiri The Departed kwa Kiswahili. Usianzie kwenye maiki, anzia kwenye daftari. Filamu hiyo ya Martin Scorsese ya mwaka 2006 ina dakika 151, na karibu kila mtu humo anamdanganya mwenzake. Ukichanganya majina mwanzoni, kibanda umiza kizima, banda letu la kuonyeshea filamu, kitakuuliza mpaka mwisho: "Sasa huyu wa upande gani?"

Itazame mara tatu kabla hujafungua mdomo. Ya kwanza kaa kama mteja aliyelipa kiingilio. Ya pili piga mstari katikati ya ukurasa: kushoto anayejua, kulia asiyejua. Billy Costigan, yaani DiCaprio, ni polisi aliyepachikwa kwenye genge, na siri yake wanaijua mabosi wawili tu, Queenan na Dignam. Colin Sullivan, Matt Damon, ni mtoto wa genge aliyepachikwa polisi. Frank Costello kamlea tangu mdogo, enzi za kununuliwa vitu dukani. Halafu huyo Costello mwenyewe, baba wa majambazi, kumbe anapeleka habari FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani. Mara ya tatu tazama midomo tu, uone wapi pana nafasi ya maneno yako.

Wengi wanachemshia kwenye neno moja. Wamarekani wanawatia watu hao wote kapu moja: panya. Mimi nilipoitafsiri mara ya kwanza nilikwenda neno kwa neno. Jack Nicholson, ndiye Costello, yuko mezani na DiCaprio, anakunja uso na kutoa meno kama panya, watu wameshika roho, nami nikasema kwa sauti nzito, "Nanusa panya humu ndani." Kijana wa benchi la mbele akaropoka, "Panya road!" Kicheko mpaka nje. Dar ukitaja panya, watu wanawaza vijana wa mapanga, hawawazi msaliti. Tukio zito kuliko yote likageuka komedi.

Tangu hapo nina maneno matatu na siyachanganyi. Costigan ni kachero. Sullivan ni ndumilakuwili, na mtu wa Mbagala hahitaji kuelezwa nyoka huyo. Costello ni mchomaji, maana anachoma wenzake ili yeye apone. Lakini neno hilo lifiche mpaka siri yake itoke, usimtangulie mwandishi. "Snichi" nawaachia majambazi wenyewe watuhumiane nalo, kwa kuwa wao hawajui wanamtafuta nani.

Watu watakuuliza kama jambazi mkubwa anaweza kweli kuwa mtu wa FBI. Wajibu ndiyo. Costello kachongwa kwa sehemu kutokana na jambazi Whitey Bulger wa Boston, ambaye FBI walimsajili kama mtoa habari mwaka 1975. Alitoroka mwishoni mwa 1994, na filamu ilipotoka alikuwa bado mafichoni. Walimkamata 2011 huko Santa Monica. Hayo yaseme mkanda unapoanza. Ukiyachomeka katikati unaua moto.

Dignam ni mtihani mwingine. Anatukana mfululizo kama cherehani, na kibandani kuna watoto wametoroka kwao. Usitafsiri tusi. Tafuta kejeli ya Kiswahili yenye kasi ileile: "Wewe hata kivuli chako kinakukana!" Mipasho haijawahi kutuangusha.

Bahasha nayo isikupite. Costigan anaiona mezani kwa Sullivan, yenye neno la Kiingereza aliloliandika yeye mwenyewe kwa mkono wake, na hapo hapo anamjua mbaya wake. Hakuna anayesema kitu, na mtazamaji wako huenda hasomi Kiingereza. Hapa ongea, tena mapema: siku neno linaandikwa, waambie, "Ukumbuke mwandiko huo." Ukingoja bahasha itokee, umeshachelewa.

Kurekodi si kazi kubwa: punguza sauti ya filamu, usiizime, risasi zisikike. Tundika blanketi mlangoni. Kata sehemu mbili ili watu wapate kutoka kununua kashata.

Kazi ngumu ni kunyamaza. Queenan ameshakufa, simu yake iko mkononi mwa Sullivan, anapiga, Costigan anapokea, na wote wawili wanasikilizana pumzi tu. Nimewasikia madijei, watafsiri wenzetu, wakijaza pale, "Haloo, wewe nani, sema basi!" Wanaharibu.

Na mwisho kabisa, Dignam akishamaliza kazi yake nyumbani kwa Sullivan, panya wa kweli anakatiza kwenye ukingo wa baraza, nyuma yake kuba la dhahabu la ikulu ya jimbo. Zamani nilikuwa nasema, "Panya huyo anapita." Siku hizi nazima maiki Dignam anapoondoka. Mwenye kibanda kila mara ananipigia kulalamika kwamba sauti imekatika. Namwacha alalamike.