Magazini ya kuchomoa au ya kifuniko cha bawaba: anza na swali la kutoa risasi

Watu wakianza kubishana kuhusu magazini za bunduki ya kuwindia, yaani kile kisanduku kinachobeba risasi, wanakimbilia kwenye kujaza, ipi inajaa haraka, ipi inabeba nyingi, utadhani tunaenda vitani. Mwindaji anaweza kuzunguka siku nzima asipige hata risasi moja, na akipiga ni moja au mbili basi, ila siku hiyohiyo bunduki ataitoa risasi mara saba mara nane: anapanda gari, anavuka uzio, anapanda dungu, anaruka mtaro, anarudi kambini. Na hapo ndo watu wanapoumizana. Kwahiyo mi nikiulizwa ipi ni nzuri nauliza kwanza, siku yako ya kuwinda ikoje, utaitoa risasi mara ngapi, na ukiwa umechoka na giza limeingia mikono yako itafanya nini yenyewe bila kufikiri.

Tuelewane kwanza kwenye vitu vyenyewe. Ya kifuniko cha bawaba ni sanduku lililojificha ndani ya bunduki, chini yake kuna kibati kinachofunguka kama mlango, mara nyingi bawaba iko mbele na komeo liko nyuma karibu na triga, ukibonyeza komeo kibati kinaanguka na risasi zote zinakumwagikia mkononi. Ya kuchomoa ni kisanduku kinachotoka chote na risasi zake ndani. Yupo na ndugu yao wa tatu, sanduku lililozibwa kabisa chini, hilo risasi zinatokea juu tu kwa kuzipitisha moja moja na bolti, kile chuma cha mpini unachovuta nyuma na kusukuma mbele. Bunduki ya Remington 700 ilipotoka 1962 ilikuja hivyo kwa matoleo mawili, ADL imezibwa, BDL ina kifuniko. Na kuchomoa sio mambo ya juzi, mbunifu wa bunduki James Paris Lee alipata hataza yake Marekani mwaka 1879, na Lee-Enfield za Waingereza zilikuwa na magazini ya risasi 10 inayochomoka ingawa askari walikuwa wanaijaza kutokea juu bila kuigusa.

Sasa kutoa risasi. Kwa ya bawaba: mtutu uelekee pasipo na mtu, kidole mbali na triga, fungua bolti taratibu ili ile risasi ya kwenye chemba, pale nyuma ya mtutu inapokaa tayari kupigwa, uidake mkononi isirukie majanini. Bolti iache wazi. Bunduki ikiwa imesimama sawa, tumbo chini, weka kiganja chini ya kifuniko, vidole vikunje kama unakinga maji, afu bonyeza komeo. Risasi tatu au nne zinashuka pamoja, na kibao cha kusukumia risasi juu kinabaki kinaning'inia kwenye springi. Angalia kwenye chemba kwa macho, halafu ingiza kidole uguse, kwasababu jioni macho yanadanganya. Ndo ufunge kifuniko na usikilize kimelia. Ukisahau kukinga mkono utaokota risasi kwenye tope na hizo usizirudishe kabla hujazifuta, mchanga kidogo tu kwenye chemba unaweza kukwamisha ganda lisitoke.

Kwa ya kuchomoa mpangilio ni tofauti na hapa naomba usome polepole. Magazini inatoka KWANZA, bolti baadae. Ukianza na bolti, risasi ya kwenye chemba inatoka vizuri unaiona kabisa, unaridhika, unasukuma bolti mbele na hapohapo umeingiza nyingine kutoka kwenye magazini ambayo bado imo. Na kosa la pili ni kubwa zaidi: mtu anachomoa magazini, anaiweka mfukoni, anasema bunduki haina kitu. Ina kitu, risasi ya kwenye chemba haijaondoka na magazini. Nimeshamuona mtu mzima, mwindaji wa miaka mingi, akiingia kwenye gari na bunduki ya namna hiyo, akatushangaa sisi tunaopiga kelele. Kwenye ya bawaba kosa hili ni gumu kidogo kulifanya maana kifuniko huwa kinafunguliwa na mtu ambaye tayari ameshashika bolti, ila na yenyewe ukifungua chini tu bila bolti chemba inabaki na risasi vilevile.

Jambo jingine, bunduki nyingi za zamani sefti (kizuizi cha usalama) ikiwa imefungwa bolti nayo imefungwa, kwahiyo ili utoe risasi lazima uachie sefti. Hapo kidole kikiwa sehemu mbaya ndo balaa. Ukipata yenye sefti ya hatua tatu kama Winchester Model 70, hatua ya katikati inakuruhusu kufungua bolti huku bunduki haiwezi kupiga, na mi hicho nakiona kina thamani kuliko aina ya magazini.

Hasara ya kuchomoa nimeionja mwenyewe. Nilikuwa nimeivaa bunduki begani na mkanda, tumepita kwenye kichaka kizito saa nzima, tukakaa chini kusubiri, nikapitisha mkono chini ya bunduki nikakuta shimo, magazini imeshadondoka. Kitufe cha komeo kilikuwa kimejitokeza pembeni na kila hatua kilikuwa kinasugua kwenye kiuno changu. Tumerudi na njia yetu mpaka mchana, hatukuiona. Nikabaki na bunduki ya risasi moja moja. Tangu siku hiyo nina desturi, kila nikivuka kitu au nikiinuka nilipokaa, kidole gumba kinaisukuma magazini juu, ikiwa imekaa haisogei, ikiwa imelegea inalia ta. Wapo watengenezaji waliolifikiria hili, kwenye Sako 85 lazima uisukume magazini juu huku unabonyeza komeo ndo itoke, kugusa kwa bahati mbaya hakutoshi. Ukinunua tafuta kitu kama hicho, au angalau kitufe kilichozama ndani.

Kuongeza risasi napo pana tofauti ambayo wengi hawaisemi. Umepiga moja, umekoki nyingine, unataka kujaza pengo. Yenye kuchomoa unaitoa magazini, unaongeza, unairudisha, na chemba haijaguswa. Ya bawaba lazima ufungue bolti, yaani ile iliyopo chemba inatoka, ndo uongeze kutokea juu. Ila ya bawaba ukiwa umeishiwa kabisa unazitupia kutokea juu moja moja huku macho yako kwa mnyama, wakati magazini nyingi za mstari mmoja risasi inaingizwa kutokea mbele ya midomo, zile kingo za juu zinazoishika, kuelekea nyuma, huwezi kuijaza ikiwa ndani ya bunduki. Na kama bunduki yako ni ya mtindo wa Mauser 98, ile yenye ndoana kubwa ya kudaka ganda, usidondoshe risasi moja kwa moja kwenye chemba ukalazimisha bolti, ndoana haikuundwa kuruka juu ya ganda. Ipitishie kwenye sanduku. Ukitaka kubeba sanduku limejaa na chemba tupu, kandamiza risasi ya juu kwa kidole huku bolti inapita juu yake polepole.

Ukaguzi wa ya bawaba ni mfupi. Vuta kifuniko kwa ukucha bila kubonyeza komeo, kikicheza sana angalia makali ya komeo kama yamelika yakawa mviringo, kwasababu kwenye bunduki inayopiga teke kali kifuniko chenye komeo bovu kitafunguka chenyewe na risasi zote zitalala miguuni kwako. Ukiwa umeitoa springi usafishe, irudishe upande wake uleule. Skrubu za chini zikikazwa kupita kiasi sanduku linabanwa kati ya chuma cha juu na cha chini, na bunduki inaanza kutawanya risasi bila sababu unayoiona, sanduku linatakiwa libaki na mchezo kidogo sana.

Ya kuchomoa kinachoharibika ni midomo. Ikidondoka kwenye jiwe midomo inajikunja nywele moja tu na risasi inaanza kupiga mlango wa chemba. Ukiwa na magazini mbili ziandike 1 na 2 kwa rangi, ili ikikwama ujue ni ipi badala ya kulaumu bunduki. Ya akiba ikae mfuko unaofungwa, ncha zielekee chini ili takataka zisikae juu ya risasi.

Kwa hiyo nani achukue ipi? Unayepanda na kushuka gari kutwa nzima, au unawinda mahali ambapo sheria inataka bunduki itolewe risasi kila unapoingia chomboni, chukua ya kuchomoa, utaishukuru. Unayetembea kwa miguu umbali mrefu na bunduki mkononi, ya bawaba inakaa vizuri zaidi, tumbo lake ni laini na mkono unaishika palepale inapolingana uzito. Na kwa nyati na wanyama wanaorudisha vita, nyie wenye bunduki za risasi kubwa kama .375 H&H na kubwa zaidi, nakushauri bila kusitasita uchukue sanduku la ndani, hakuna magazini ya kudondoka. Asiyeweza kuamua atafute Browning A-Bolt ya zamani, ile magazini yake imening'inia kwenye kifuniko chenyewe, unafungua kama bawaba na ukitaka unaichomoa.

Kabla hujalipa, omba risasi bandia, vaa glavu kama unavaa ukiwinda, fumba macho, jaza halafu toa mara kumi mfululizo. Hesabu zilizotoka kila mara. Ukijaza nne zikatoka tatu, bunduki hiyo bado hujaijua.