Kupima kiini cha seli kinachovuja kwa uzee, hatua kwa hatua

Utando wa kiini cha seli una vitundu, kila kimoja kimejengwa kwa aina zipatazo 30 za protini. Molekuli ndogo hujipitia. Zikizidi takriban kilodaltoni 40 (kipimo cha uzito wa molekuli) lazima zibebwe na protini za usafirishaji. Neuroni, yaani seli ya neva, haigawanyiki, hivyo haipati nafasi ya kujenga vitundu vyake upya: katika ubongo wa panya, baadhi ya protini za kiunzi cha vitundu hukaa zaidi ya mwaka. Mwaka 2009 watafiti D'Angelo, Hetzer na wenzao walionyesha kwamba vitundu vya neuroni za panya wazee huvuja, hata tubulini, protini ambayo makao yake ni nje ya kiini, ikakutwa kiinimo.

Hivi ndivyo tunavyoutazama uvujaji huo kwenye maabara yetu hapa Mombasa.

Hatua ya 1. Poza bafa (mmumunyo wa kusagia), mirija na kinu kwanza. Wakati wa kaskazi barafu haikawii kuyeyuka. Ya wauza samaki yafaa, maana hugusa mirija kwa nje tu. Tishu ya panya kijana na ya mzee, zilizopatikana kwa idhini ya kamati ya maadili, ziandaliwe siku moja.

Hatua ya 2. Saga gamba la ubongo ndani ya sukrosi ya 0.25 M kwa kinu cha kioo: mchi mlegevu kwanza, kisha wa kubana. Taratibu, lisitoke povu. Na usitie sabuni! Miongozo mingi ya kutoa RNA huitia, na kwa kazi ile haina neno. Hapa itatoboa utando huohuo unaoupima.

Hatua ya 3. Chuja, zungusha kwenye mashine ya kuzungushia kwa 600 g (mara 600 ya nguvu ya mvutano wa dunia) dakika 10 kwenye nyuzi 4 za Selsiasi, umwage maji ya juu. Mashapo ndiyo viini.

Hatua ya 4. Tia rangi ya DNA na dekstrani (molekuli kubwa za sukari) mbili zinazong'aa: ya kilodaltoni 70 kwa kijani, ya 500 kwa nyekundu. Usisuuze.

Hatua ya 5. Lenzi ikitoka penye AC hushika mvuke, iache izoee joto la chumba. Kisha tazama: kiini kizima ni duara jeusi katikati ya kijani. Kilichovuja kimejaa kijani, ila nyekundu imebaki nje. Ukiona zote mbili ndani, utando umechanika kinuni. Kiache, usikihesabu kama uzee. Wanafunzi hupenda kukiruka kipimo cha nyekundu kwa sababu ya gharama, na bila hicho sikubali matokeo yao.

Hatua ya 6. Gawanya mng'ao wa kijani wa ndani kwa wa nje, kiini kwa kiini. Mtu mwingine afiche majina ya sampuli kabla hujapima.

Kipimo hiki ni cha uvujaji tu. Kama wabebaji, yaani impotini na eksipotini, wamezembea, dekstrani haitakwambia. Hapo unahitaji protini yenye alama ya kuingilia kiinini, seli hai, na saa nyingine ya hadubini.