Hesabu pumzi kwa dakika nzima: mwongozo wa muuguzi akiwa kitandani kwa mgonjwa

Fungua mafaili ya wodi yenye wagonjwa wengi, utazame safu ya upumuaji. Mara nyingi utakuta 20, 20, 20 tangu asubuhi hadi usiku, kwa mgonjwa wa moyo na kwa aliyevunjika kidole. Presha na joto vimepimwa kwa kifaa, pumzi zimekadiriwa kwa macho. Inaniuma, kwa sababu pumzi hubadilika mapema, mara nyingi saa kadhaa kabla presha haijashuka. Naandika kwa wauguzi wenzangu, na zaidi kwa wanafunzi mlio kwenye mafunzo ya vitendo.

Hatua ya 1: Hesabu bila kumtangazia

Mgonjwa akijua unahesabu pumzi zake, anabadilisha anavyopumua. Shika mkono wake upime mapigo, ukimaliza usiuachie. Hamishia macho kifuani. Kifua kikipanda na kushuka, hiyo ni pumzi moja. Hesabu sekunde 60 kamili. Ukihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa 4, kosa la pumzi moja linakuwa kosa la pumzi nne.

Kwa mtoto, mwombe mama ampakate na kumpandisha nguo mpaka uone kifua na tumbo. Akiwa analia au ananyonya, subiri atulie.

Hatua ya 2: Ipime namba kwa umri

Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Ukipata 25 au zaidi, au 8 kushuka chini, usiendelee na raundi. Mwite daktari hapo hapo.

Kwa watoto, pumzi za haraka ni 60 au zaidi kwa walio chini ya miezi 2 (ukizipata, hesabu tena uhakikishe), 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, na 40 au zaidi kuanzia mwaka 1 hadi kabla ya kutimiza 5. Kisha tazama chini ya mbavu: je, kifua kinabonyea ndani anapovuta hewa? Muulize mama kama mtoto anaweza kunywa au kunyonya, kama anatapika kila kitu, kama amepata degedege. Mtoto aliyelegea na haamki vizuri hakai foleni.

Hatua ya 3: Tazama anapumuaje

Hapa ndipo muuguzi anapookoa maisha, kwa kuwa wagonjwa wawili wenye pumzi 32 wanaweza kuhitaji vitu tofauti kabisa.

Wa pumu hutoa hewa kwa shida, kifua kinapiga miluzi, hamalizi sentensi. Mkalishe, mpe oksijeni kama imeshuka, na salbutamol (dawa ya kufungua njia za hewa) ya pampu kupitia spesa (chombo kinachokaa kati ya pampu na mdomo), mipulizo 4 hadi 10 kila dakika 20 kwa saa ya kwanza, kufuata maelekezo ya kituo chako. Spesa ikikosekana, chupa safi ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa kitakoni kutosha mdomo wa pampu inafanya kazi. Jihadhari na jambo moja: pumzi zikipungua na miluzi ikinyamaza huku mgonjwa anasinzia, hajapona. Amechoka, na hewa haiingii tena. Huyo ni wa dharura kuliko alivyokuwa mwanzo.

Wa moyo uliochoka hukataa kulala chali. Bonyeza miguu uone kama shimo linabaki, uliza analalia mito mingapi. Mkalishe wima, ukague dripu: kama inaenda kasi, ipunguze huku unamwita daktari. Akishaanza dawa ya kukojoa, mpime uzito kila asubuhi kwenye mzani ule ule.

Wa kisukari kilichopanda sana hupumua kwa kina na kwa haraka, bila miluzi, na mdomo waweza kunuka kama tunda lililoiva kupita kiasi. Wapo wanaotibiwa nimonia kwa sababu hakuna aliyewatoboa kidole. Kila mgonjwa anayehema bila sababu ya wazi, pima sukari, na ketoni (tindikali zinazojengeka mwili ukikosa insulini) kwenye mkojo. Andaa njia ya mshipa na saline (maji ya chumvi ya dripu), kwani maji hutangulia insulini.

Hatua ya 4: Kipimo cha oksijeni cha kidoleni kisikudanganye

Kidole cha baridi, rangi ya kucha na hina nyeusi vinaweza kuharibu usomaji, jaribu sikioni. Na mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria anaweza kusoma 98% huku anahema, kwa sababu damu kidogo aliyonayo imejaa oksijeni. Tazama viganja na ndani ya kope. Vikiwa vyeupe, omba kipimo cha wingi wa damu na upangaji wa kundi bila kuchelewa.

Hatua ya 5: Mama aliye kwenye magnesium sulphate

Hii ni dawa ya kuzuia degedege la kifafa cha mimba, na ikizidi hofu ni pumzi kupungua. Kabla ya kila dozi hakikisha mambo matatu: pumzi zisizopungua 16, goti linaruka ukiligonga, na mkojo usiopungua mililita 30 kwa saa. Kimoja kikikosekana, zuia dozi, umjulishe daktari. Calcium gluconate gramu 1 (mililita 10 za 10%), dawa ya kuipinga magnesium, iwe tayari kando ya kitanda, pamoja na mfuko wa ambu (wa kumpulizia mgonjwa hewa kwa mkono). Pumzi zikisimama, mpulizie kwanza kwa ambu huku mwenzako anachoma calcium gluconate polepole kwenye mshipa.

Hatua ya 6: Rudia, andika, piga simu

Baada ya kila ulichofanya, hesabu tena. Kwa mgonjwa mahututi usingoje saa 4 zipite. Rudia kila dakika 15 mpaka atulie. Andika namba, namna anavyopumua, na anavuta hewa ya kawaida au oksijeni lita ngapi.

Ukimpigia daktari, anza na kilichobadilika: “Daktari, baba wa kitanda cha 7, mgonjwa wa moyo. Saa mbili pumzi zilikuwa 22, sasa 34, oksijeni 86% bila mashine, hawezi kulala. Nimemkalisha, nimempa oksijeni, nimepunguza dripu. Naomba uje sasa.” Kisha andika kwenye faili saa uliyopiga simu na alichokujibu.