Somo: Kumweleza mwenye feza wazo lako la biashara, kwa mfano wa kuku 500

Ndugu zangu, salamu kutoka Lubumbashi, Kongo. Wengi mmeniuliza jambo moja kwa njia mbalimbali: "Yaya (mkubwa wetu), nina wazo, kuna mtu amekubali kunipokea, nikifika pale niseme nini?" Ninajibu mara moja kwa wote, polepole, kisha maswali yenu yafuate. Mfano wangu ni kuku wa mayai, kwa sababu ndiyo kazi ninayoijua kwa mikono yangu. Wewe weka kazi yako: bulanjeri (kiwanda cha mkate), kinu cha mahindi, depo ya samaki wa Kasenga.

Nianze na siku niliyoshindwa. Mwaka 2018 mukubwa mmoja alinipokea ofisini kwake, katikati ya mji. Nilizungumza karibu nusu saa. Nikamweleza jinsi watu wa mji huu wanavyopenda mayai, jinsi mayai mengi yanavyotoka Zambia, jinsi sisi wenyewe tunavyoweza kuyazalisha. Alinisikiliza vizuri, hata simu yake hakuigusa. Nilipomaliza akachukua karatasi yangu, akaigeuza upande usioandikwa, akaandika namba 20 na kuizungushia duara. "Wiki ishirini," akasema. "Kifaranga hatagi mpaka wiki ya kumi na nane, ya ishirini. Nani anawalisha hao kuku mpaka siku hiyo, na kwa feza gani?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa na hesabu ya mayai, sikuwa na hesabu ya njaa. Akanirudishia karatasi kwa upole, na ule upole ndio ulioniuma.

Ninachotaka mlibebe kutoka somo hili ni hilo swali lake. Mwenye feza anataka kujua kama umekwisha kuitazama miezi mibaya, na kama una la kufanya ikifika.

Hatua ya 1: Mjue unayekwenda kumwona

Kwetu hapa mtu wa kuweka feza katika biashara yako mara nyingi hajiiti mwekezaji. Ni mfanyabiashara wa soko la Kenya, mtaa wa hapa mjini. Ni mtu mwenye kampuni ndogo inayofanya kazi kwa migodi ya Kolwezi. Ni daktari aliyeweka akiba. Ni kaka yako aliye Brussels. Kila mmoja ana woga wake, na unapaswa kuujua kabla ya kubisha mlango.

Mfanyabiashara wa soko amezoea bidhaa inayoingia Jumatatu kwa mpaka wa Zambia, Kasumbalesa, na feza inayorudi baada ya wiki chache. Kwake miezi mitano bila yai ni umri mzima. Mtu wa migodi amezoea kulipwa mwisho wa mwezi, atataka kusikia habari za mwezi. Kaka wa Brussels huenda alishatuma feza ya kujenga parsele (kiwanja) ikaliwa na jamaa, kwa hiyo atataka picha, risiti na jina la anayeshika sanduku. Usiende kwa wote watatu na maneno yaleyale.

Hatua ya 2: Sentensi moja

Kama huwezi kuisema biashara yako kwa pumzi moja, bado haijakaa kichwani mwako. Yangu ninaisema hivi: "Ninafuga kuku 500 wa mayai Ruashi, ninauzia restora na bulanjeri mayai yaliyotagwa jana, banda nimeshajenga kwa feza yangu, nahitaji dola 4,000 za kuwafikisha kuku siku ya yai la kwanza." Humo kuna kazi, mahali, mnunuzi, mchango wangu na ninachoomba. Maneno kama "mradi kabambe" yaache nyumbani.

Hatua ya 3: Hesabu, na hapa tukae

Bei ninazotaja ni za mfano, wewe weka za wiki unayokwenda. Ila namna ya kuhesabu ishike.

Kuku wa mayai anakula karibu kilo 7 za chakula tangu akiwa kifaranga mpaka atage. Kuku 500 ni kilo 3,500, yaani magunia 70 ya kilo 50. Tuseme gunia ni dola 30: hapo ni dola 2,100. Vifaranga 500 kwa dola 2 kila kimoja ni dola 1,000. Chanjo za magonjwa ya kideri na Gumboro, makala (mkaa) ya kuwapashia vifaranga joto, vyombo vya kunyweshea maji, na kidogo cha dharura, weka 900. Jumla ni dola 4,000. Unaona sasa namba ya ombi inatoka wapi. Ukiulizwa "kwa nini 4,000, si 3,000?" unajibu bila kuangalia dari.

Wakianza kutaga vizuri, kwa kuku mia chukua mayai themanini kwa siku. Usichukue mia, atakayekusikiliza atajua kwamba hujawahi kuingia bandani. Kuku 500 watakupa mayai 400, ambayo ni plato 13 za mayai 30, na mayai 10 ya kula nyumbani. Plato kwa dola 5, umeingiza 65 kwa siku. Kuku mmoja anakula karibu gramu 115 kwa siku, kwa hiyo wote wanakula kilo 57 na nusu, dola 34 na nusu. Inabaki dola 30 na nusu, au 915 kwa mwezi. Toa wafanyakazi, mlinzi, dawa, usafiri, tuseme 400. Imebaki kama 500. Dola 4,000 zinarudi kwa miezi minane ya kutaga, juu ya ile mitano ya kungoja.

Wengi wanaishia hapo na kufunga dosie (faili la mradi). Wewe fungua ukurasa wa pili, uandike juu yake: MWEZI MBAYA.

Januari mpaka Machi mahindi ni haba, chakula cha kuku kinapanda. Tuseme gunia limefika dola 40. Wakati huohuo mayai ya Zambia yameingia kwa wingi, plato imeshuka mpaka dola 4. Unaingiza 52, chakula kinakula 46. Zimebaki dola 6 kwa siku. Kwa mwezi ni 180, na mishahara na mengine ni 400. Hapo unakula mtaji.

Miezi mibaya si ya kubuni. Mwaka 2024 Zambia ilipata ukame mkubwa, na serikali yao ikautangaza kuwa janga la taifa. Agosti mwaka huohuo wakafunga mipaka ya Kasumbalesa, Mokambo na Sakania kwa siku chache kwa sababu ya mzozo wa biashara na nchi yetu. Atakayekusikiliza anayakumbuka hayo yote. Yataje wewe kabla hajayataja yeye, kisha useme utafanya nini: nitanunua mahindi Mei na Juni wakati wa mavuno, niyakaushe vizuri, niweke ya miezi mitatu, restora mbili zimekubali bei moja kwa mwaka, sitajaza banda lote kwa siku moja, nitaingiza vifaranga kwa makundi mawili. Mtu anayesikia hivyo anakaa vizuri kwenye kiti chake. Nimeliona hilo kwa macho yangu.

Na jambo la faranga na dola: andika kila gharama kwa feza inayolipiwa. Mayai unauza kwa faranga sokoni, chakula na vifaranga bei yake inafuata dola. Faranga ikishuka kati ya kuuza na kununua, faida inapotea njiani bila mtu kuiiba.

Hatua ya 4: Karatasi

Kifupi. Ukutani kwako kama kumeandikwa "Ets" (établissement) na jina, biashara hiyo ni wewe mwenyewe. Haina sehemu za kugawa. Mtu anaweza kukukopesha, lakini hawezi kumiliki kipande chake. Akitaka kumiliki, mnahitaji kampuni, na kwa wengi wetu ni SARL, kampuni ambayo kila mshirika hubeba hasara kwa kiasi cha mchango wake tu. Nchi yetu iko ndani ya OHADA, sheria za biashara za pamoja za nchi kadhaa za Afrika, tangu Septemba 2012, na mtaji wa SARL washirika wanaupanga wenyewe katika statiti (katiba ya kampuni). Unapitia Guichet Unique, ofisi ya kufungulia kampuni, unatoka na namba ya RCCM, daftari la biashara la serikali. Usimwambie mtu "nitakupa asilimia" kabla hujajua asilimia hiyo itakaa wapi.

Hatua ya 5: Siku yenyewe

Fika mapema. Msalimie kama mtu, umuulize habari za nyumbani, usirukie feza. Akiwa mzee, mwache yeye afungue mazungumzo ya kazi.

Sema kwa lugha unayohesabia feza. Nimeona vijana wenye akili wakianza kwa Kifaransa cha kitabu, wakafika kwenye hesabu wakakwama. Mwenyeji wako amekulia Katuba au Kamalondo, mitaa ya hapa mjini, Kiswahili anakijua. Namba zitaje kwa Kifaransa kama tunavyofanya sote sokoni, hakuna anayeshangaa. Lakini maelezo yatoke mdomoni mwako yenyewe.

Peleka karatasi mbili tu: ukurasa wa hesabu na ukurasa wa mwezi mbaya. Na kitu cha kushika. Mimi mara ya pili nilipeleka daftari langu la banda, lile lenye madoa ya maji, ambamo kila asubuhi niliandika vifaranga waliokufa na sababu. Nilikuwa nimeanza na 60 kwa feza yangu. Mukubwa yuleyule alilifungua katikati, akasoma siku tatu, akaniuliza: "Tarehe 14 walikufa wanne, kulitokea nini?" Makala yaliisha usiku, nikamwambia, na mlinzi alilala. Tangu siku hiyo gunia la makala la akiba linakaa ndani ya banda. Hakuuliza tena habari ya soko la mayai. Alinipa nusu ya nilichoomba, kama mkopo, na nusu nyingine baada ya yai la kwanza.

Usipojua jibu, sema: "Hilo sijalihesabu, nitakuletea Ijumaa." Kisha umletee Ijumaa.

Hatua ya 6: Baada ya hapo

Mtumie ujumbe jioni, mistari mitatu: asante, tulichokubaliana, nitakacholeta na siku gani. Akikataa, muulize sababu kwa heshima. "Hapana" ya mtu mwenye uzoefu ina mafunzo ya bure ndani yake.

MASWALI YENU

*Mama wa Katuba: Yaya, mimi sina vitabu vya hesabu wala banke. Nina likelemba tu, na akina mama wenzangu kumi na wawili. Nitaonyesha nini?*

Mama, likelemba (kuchangiana feza na kupokea kwa zamu) si uwekezaji, lakini ni ushahidi. Kama kuna daftari linaloonyesha kwamba umelipa kila wiki kwa miaka mitatu bila kukosa, lichukue, na uje na mama anayeshika sanduku akushuhudie. Watu wengi wenye karatasi nzuri za banke hawana hilo. Halafu kuanzia kesho andika mauzo ya kila siku. Miezi mitatu inatosha kuanza mazungumzo.

*Kijana wa Kampemba: Nikimweleza wazo langu, si ataliiba?*

Mdogo wangu, wazo la kufuga kuku liko wazi kwa kila mtu. Cha kutunza ni majina ya wanunuzi wako na mahali unapopata vifaranga vizuri. Hayo usiyaandike kwenye karatasi unayoacha mezani. Sema "restora mbili", majina yatakuja siku ya kusaini.

*Kutoka Likasi: Kuna mtu anataka asilimia 60 kwa sababu feza yote ni yake. Nikubali?*

Jua kwanza unachokubali. Katika SARL, maamuzi ya kawaida yanapita kwa zaidi ya nusu ya mtaji. Kwa hiyo wa 60 anaamua mambo ya kila siku, pamoja na nani awe meneja. Kubadili statiti kunahitaji robo tatu, hapo wewe mwenye 40 bado unaweza kumzuia. Mimi ningemwuliza: banda, kiwanja na miaka yangu ya kazi mmevihesabu kuwa bei gani? Vinaweza kuthaminiwa na kuingia kama mchango wako. Kama hataki kuvihesabu, muombe iwe mkopo wenye tarehe.

*Mama wa Ruashi: Mtu wa kanisa letu amesema hakuna haja ya kuandika, sisi ni ndugu.*

Andikeni kwa sababu ni ndugu. Ukurasa mmoja: kiasi, tarehe, lini inaanza kurudi, itakuwaje kuku wakifa kwa ugonjwa. Hilo la mwisho ndilo linalovunja watu. Sainini mbele ya mashahidi wawili, kila mmoja abaki na nakala.

*Kijana mwingine: Nilishiriki mashindano ya mipango ya biashara, dosie ninayo tayari. Naweza kuitumia hiyohiyo?*

Hesabu itumie, maelezo yabadilishe. Mashindano kama yale ya PADMPME, mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia hapa Lubumbashi na miji mingine, yalitoa msaada, na waamuzi walitazama pia ajira na faida kwa jamii. Mtu anayetoa feza ya mfukoni mwake anataka kujua itarudi lini. Weka jambo hilo ukurasa wa kwanza.

*Swali la mwisho, mtu ameomba nisitaje mtaa: Kuna bwana ameniambia ana wawekezaji wa nje, lakini nilipe kwanza dola 150 za dosie. Amenionyesha barua yenye muhuri.*

Usilipe. Anayetafuta mahali pa kuweka feza haanzi kwa kuchukua yako. Mwambie azikate kwenye feza hiyo itakapofika. Kama ulishatuma kitu kwa simu, weka ujumbe wote, usifute chochote, na uwaambie wengine hapa jinsi alivyokufikia, bila aibu. Niandikie pembeni leo jioni, tutaisoma barua hiyo pamoja.