Kitasa chembamba cha mlango wa kabati: anza na ufunguo, leva zifuate

Watu wengi wakitaka kutengeneza kitasa cha kabati wanaanza na kikasha, wanachomelea, wanapanga ulimi (kile chuma kinachotoka na kufunga mlango) ndani, alafu mwisho kabisa ndio wanakumbuka ufunguo na kuanza kuukwangua na tupa hadi ukubali, mimi pia nilianza hivo na kitasa changu cha kwanza kilifunguka na spoku ya baiskeli, mteja mwenyewe ndio alinionyesha, tena akiwa anacheka. Siku izi nafanya kinyume. Nakata ufunguo kwanza.

Hiki ninachoeleza hapa ni cha leva mbili (vibamba vya ndani vinavyozuia ulimi hadi ufunguo uviinue kwa urefu wake haswa), unene wote hauzidi milimita 9, kinakaa nyuma ya mlango wa MDF ya milimita 18, ile ile ya kila kabati Nairobi. Si mashine kubwa: hakso, tupa tatu (bapa, ya duara na ya pembe tatu), vaisi ya kubana chuma, drili na venia, ile kifaa ya kupimia vipande vidogo vya milimita. Kama huna venia nunua kwanza, ju tepu ya kupimia haiwezi kukuonyesha tofauti ya robo milimita na kazi hii yote ni ya robo milimita.

Hatua ya 1: pima mlango, sio kitasa

Funga kabati uangalie ile nafasi kati ya mlango na ubao wa pembeni. Mara nyingi ni milimita 2 au 3, lakini mlango ukilegea bawaba unashuka na nafasi inaongezeka, na hapo ndio vile vitasa vya bei rahisi vinashindwa, ulimi wake unatoka kidogo sana hadi ukivuta mlango kwa nguvu unafunguka bila ufunguo. Mimi natoa ulimi milimita 8. Ukitoa 3 za nafasi unabaki na 5 zinazoshika, inatosha. Ukipata mlango umeshashuka, kaza bawaba kwanza, usitengeneze kitasa cha kuficha kasoro ya seremala.

Hatua ya 2: chora kwa kadibodi

Usicheke. Kata vipande vya kadibodi kwa ukubwa mara tatu, vishikilie na pini za kushonea, uzungushe "ufunguo" wa kadibodi uone vile ulimi unaenda. Nusu saa hapa inakuokolea siku nzima ya kukata chuma na kutupa. Vipimo vyangu ni hivi, ukiangalia mlango uko wazi na ukingo unaofunga uko kushoto kwako:

Bamba la chini ni geji 16, ambayo ni kama milimita 1.6, urefu 60 na upana 56. Kifuniko ni geji 18, kinafunika 60 kwa 40 tu, kwa hivo juu na chini unabaki na masikio ya milimita 8 ya kupigia skrubu. Ndani kuna urefu wa milimita 6: ulimi wa 3, leva mbili za 1.2 kila moja, na nafasi kidogo iliyobaki ya vipande vyembamba vya kutenganisha. Ulimi ni flatiba ya 12 kwa 3, urefu 56.

Sasa ile kitu inafanya kitasa kiwe kidogo. Pini moja ya milimita 4, iko milimita 42 toka ukingo wa mlango, inafanya kazi mbili: chini inaongoza ulimi kwa kupita kwenye mfereji wa 4.2 kwa 13 uliokatwa ndani ya ulimi, juu inabeba leva zikizunguka. Ukiweka pini mbili tofauti kitasa kinakua kirefu bila sababu.

Hatua ya 3: ufunguo

Katikati ya ufunguo iko milimita 26 toka ukingo wa mlango, na milimita 5.5 chini ya ukingo wa chini wa ulimi. Fimbo ni ya milimita 5, jino ni bamba la milimita 2 lililochomelewa kwa shaba. Toka begani (pale ufunguo unasimama kwenye uso wa mlango) hadi ncha ni kama milimita 27, ju fimbo inapita ubao 18, bamba 1.6, ile 6 ya ndani na kifuniko.

Jino liko na ngazi tatu. Ile ya karibu na mkono ndio ya ulimi, inafika milimita 8 toka katikati ya fimbo. Mbili za mbele ni za leva, moja moja, na urefu wake unachagua kati ya 5, 5.7, 6.4 na 7.1. Leva mbili zikiwa na ngazi nne kila moja unapata funguo 16 tofauti, ukiongeza leva ya tatu unafika 64, lakini unene nao unaongezeka. Kwa kabati la vyombo au dawa, mbili zinatosha. Usikate zote mbili 5 wala zote 7.1, mtu akizungusha kipande cha bati kilichonyooka atafungua.

Kata funguo mbili saa hii, zikiwa sawa kabisa. Ukingoja kukata ya pili baada ya kufunga kitasa utakuwa umesahau vile uliinamisha tupa.

Hatua ya 4: ulimi

Chini ya ulimi kata pengo la upana wa milimita 5 na kina cha 2.5, hapo ndio jino linaingia na kusukuma. Upana huo usiubadilishe ovyo. Pengo likiwa pana, jino linazunguka muda kabla ya kugusa na ulimi unatoka kidogo, likiwa jembamba ulimi unataka kwenda mbali kuliko mfereji na ufunguo unakwama. Toboa shimo milimita 15 toka mbele, gongomea kipini cha milimita 3 kisimame juu kupita leva zote. Hiki kipini ndio roho ya kitasa.

Hatua ya 5: leva, na hapa usiharakishe

Kila leva iko na vyumba viwili, cha mbele na cha nyuma, milimita 8 toka katikati ya kimoja hadi katikati ya kingine, na katikati kuna njia nyembamba ya kipini kupita. Leva ikiwa imelala kipini kiko chumbani, hakiendi popote. Ikiinuliwa hadi urefu wake haswa, njia inakutana na kipini na ulimi unasonga. Ikiinuliwa kidogo sana inagonga, ikipitishwa juu pia inagonga. Hio wazo ya kuzuia pande zote mbili ilitoka Uingereza mwaka 1778, kwa mtu anaitwa Robert Barron, kabla yake leva ilikuwa inainuliwa tu vyovyote na kitasa kinafunguka.

Kata leva na vyumba, lakini njia usikate. Panga kila kitu kwa bamba la chini, ingiza ufunguo uliokata hatua ya 3, usimamishe jino wima. Leva zimeinuka zenyewe kwa urefu wa ufunguo. Sasa kwaruza alama ya kipini kwa kila leva, toa, kata njia hapo, upana 3.3. Umeona? Hakuna hesabu, leva zimejipima zenyewe. Na hio 0.3 ndio kitasa chote. Yule spoku ya baiskeli alipita ju nilikuwa nimeacha milimita nzima. Mwaka 1851 London, Mmarekani Alfred Charles Hobbs alifungua vitasa viwili vilivyosifiwa sana vya watengenezaji Chubb na Bramah, na hata hao walikuwa wanafanya kazi safi, kwa hivo wewe na tupa yako usijidanganye kwamba nafasi kubwa haionekani.

Kitu ingine, tumbo la leva, ule ukingo wa chini unaoguswa na jino, lisiwe limenyooka. Lifuate duara ambalo kituo chake ni katikati ya ufunguo wakati leva imeinuka, ili jino likiendelea kuzunguka ndani ya pengo leva isipande wala kushuka. Ukiacha tumbo limenyooka, njia inahama wakati kipini kiko katikati na kitasa kinauma ufunguo, alafu mteja anavunja mkono wa ufunguo na kukupigia simu usiku. Leva ikiwa imelala, tumbo likae milimita 4 toka katikati ya ufunguo.

Springi ni waya wa chuma cha springi, nusu milimita, kila leva na yake. Isiwe ngumu, iwe tu inarudisha leva hata kitasa kikiwa kimepinduliwa.

Hatua ya 6: funga, jaribu, weka

Kabla ya kufunga kifuniko zungusha ufunguo kama mara mia mbili ukisikiliza tv. Mahali inakwaruza utaona chuma kinang'aa, hapo ndio unagusa na tupa, si kwingine. Usiweke mafuta, vumbi yetu inashika mafuta inakuwa kama simiti, saga ncha ya penseli unyunyize ule unga mweusi.

Skrubu ziwe za milimita 16 usizidishe, ndefu zinatokea mbele ya mlango na hio huwezi kuficha. Toboa tundu la milimita 2 kwanza ju MDF inapasuka ukingoni. Ya mwisho ni tundu la ulimi kwenye ubao wa pembeni: usipime, paka ncha ya ulimi lipstiki, funga mlango, zungusha ufunguo, alama inabaki pale haswa ulimi unagusa. Mteja mmoja wa mtaa wa Umoja alinipa lipstiki yake mpya na akaniambia nisiirudishe.